Vidole Vyangu Vimegusa Kitu Shingoni mwa Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usiucheke mwandiko wangu kwa sababu shule niliikimbia kabla haijanikamata vizuri, ila kwenye mkasi, mama, simwogopi mtu, uliza mtaa mzima utaambiwa mimi ndiye Profesa, kinyozi mwenye viti vitatu na foleni ya Jumamosi inayotoka mpaka nje ya mlango, wapo wanaopita vinyozi sita njiani ili waje kuinamisha vichwa vyao mbele yangu, hata yule mwalimu mkuu aliyenifukuza shule siku hizi namwambia "inama" na anainama.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Nina mke, ni fundi cherehani, chumba chake cha kushonea kimeshikana na saluni yangu na katikati ni ukuta wa mbao tu, mimi nikianza kujisifu kwa mteja yeye anajibu kutoka upande wa pili, "Usimsikilize huyo, muulize kioo," na wateja wanavunjika mbavu, ndivyo tulivyo, tumeoana kwa utani na tunaishi kwa utani. Mwaka juzi wakamkuta na saratani ya titi, wakamkata, wakamtundikia zile dripu, nywele zikaanza kubaki kwenye mto, basi nikamkalisha kwenye kiti changu kikubwa, nikamfunga kitambaa kipya kabisa, nikamuuliza, "Mheshimiwa, leo tunakata mtindo gani?" akasema, "Wa mfungwa," nikazinyoa zote, tukacheka sana, halafu nikaenda nyuma ya saluni kuosha mashine ambayo haikuwa chafu.

Dawa zikaisha, daktari akasema hawaoni kitu tena, tuwe tunarudi kliniki kila baada ya miezi sita. Nyumbani tukaweka sheria kwamba ule ugonjwa hautajwi, tunauita Mpangaji, na Mpangaji amehama, yamekwisha. Ila mshauri, mpangaji wa aina hiyo hata akihama unabaki unasikiliza mlango. Mke wangu akikohoa namtazama, akishika mgongo namtazama, akinifuma nikimtazama ananiuliza, "Karudi?" na mimi nasema, "Arudi apitie wapi, kufuli nimebadilisha," tunacheka, kisha kila mtu anageukia upande wake. Wiki ya kliniki hali chakula, anachukua gauni alilomaliza mwenyewe na halina kosa lolote, analifumua, analishona upya, analifumua tena, na mimi upande wa pili napiga hadithi kwa sauti kubwa ili nisisikie uzi ukikatika.

Nywele zilipoota tena ziliota laini kama za mtoto, tukaanzisha kamtindo ketu, kila Jumatatu saluni ikiwa haina watu namkalisha kitini nampunguza, dakika ishirini tu, lakini hizo ndizo dakika anazoniambia ya moyoni, nadhani kwa sababu nakuwa nyuma yake hanioni uso. Jumatatu moja, sasa ni wiki nne, nilikuwa nasafisha shingo, kidole kikashuka mpaka juu kidogo ya mfupa wa bega, kikagusa kitu. Kigumu, kama punje ya choroko. Nikarudi nikapita tena kama vile natafuta unywele uliobaki. Kipo. Mshauri, vidole hivi vimeshika vichwa na shingo za mji mzima, navijua vipele, najua majipu, najua makovu ya ngumi na makovu ya kucha za wake za watu, lakini hiki sikijui. Na mbaya zaidi, dakika hiyohiyo yeye alikuwa anasema, taratibu, macho amefumba, "Unajua wiki hii nzima sijamfikiria Mpangaji hata mara moja?"

Mimi Profesa nikafanya nini? Nikampaka poda, nikamkung'uta kitambaa, nikasema, "Mheshimiwa umetoka chicha, nenda ukawaringie."

Tangu hapo sijamnyoa tena. Jumatatu iliyofuata nikasema mashine imeharibika, iliyofuata nikasema mkono unaniuma, ya tatu nikasema ziache zirefuke zinakupendeza, akasema, "Tangu lini?" na wakati huohuo anasikia kupitia mbao jinsi mashine inavyolia salama salimini kwenye vichwa vya wengine. Juzi akaja mlangoni na sindano mdomoni, akaniambia kwa ile sauti ya utani ambayo si utani, "Sema tu umenichoka. Titi moja, nywele za kifaranga, nani hatachoka?" Nikamjibu nilichochoka mimi ni vichwa vya watu, si chako, nikangoja acheke. Hakucheka. Siku hizi anajifunga mtandio mpaka shingoni, hata ndani, hata kwenye joto, na akipita nyuma ya kiti changu anapita kama mtu anayepita dukani kwa watu asiowafahamu.

Kliniki bado miezi miwili. Nikimwambia, nitakuwa mimi ndiye niliyemrudishia Mpangaji kwa mikono yangu mwenyewe, na nisipomwambia anaamini nimemchoka. Nimewaza ningoje tu tarehe ifike, daktari akione mwenyewe, na mimi nishtuke pamoja naye kama mtu asiyejua. Nishauri, mama, lakini usinipige sana.

Wako,
Profesa wa Mkasi

MSHAURI ANAJIBU

Profesa, nitakupiga kidogo tu. Sehemu kubwa umeshajipiga mwenyewe.

Kwanza pole. Pole kwa mkeo, na pole kwako, maana watu humuuliza mgonjwa anaendeleaje na hakuna anayemuuliza aliyekuwa anambeba. Hofu uliyonayo haikuanza na hicho kinundu. Imekaa humo ndani tangu siku mlipoambiwa hakuna kitu tena. Karibu kila nyumba iliyopita mlipopita inaishi nayo, na nyinyi mliifunika kwa utani. Siudharau utani huo, uliwavusha pabaya. Lakini rudia ulichoandika. Yeye anakuuliza, "Karudi?" Wewe unamjibu habari za kufuli. Mwanamke alikuwa anakwambia anaogopa, na kila mara umemrudisha na kichekesho mkononi.

Sasa kemeo lenyewe. Shingo ile si yako. Kilichomo ni habari yake, na umeikalia wiki nne ukijiita mlinzi. Umemlinda na nini? Kinundu hakikuondoka kwa sababu umenyamaza. Kilichoondoka ni mkono wako mwilini mwake. Mke aliyekatwa titi anasikia mashine ikiwahudumia wanaume wote wa mtaa isipokuwa yeye, unategemea awaze nini? Amewaza lililo karibu zaidi, akaja kukuambia usoni, nawe ukatania.

Na huo mtandio. Wewe umeusoma kama kisirani. Inawezekana. Lakini aliyeugua hivyo hujipapasa kila anapooga, Profesa, wala hahitaji kinyozi. Inawezekana naye amekigusa, na anakuficha kwa sababu ileile unayomficha wewe. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujui, kwa sababu hamjaulizana.

Wazo la kushtuka pamoja naye mbele ya daktari lifute leo. Atakutazama usoni mara moja tu atajua, na hapo atakuwa na maumivu mawili.

Mimi si daktari. Uvimbe wa hapo huweza kuletwa na mambo mengi, mengine madogo, na mojawapo ni hilo unaloliogopa. Kidole hakiwezi kutofautisha, hata chako. Daktari wake anaweza. Na hiyo miezi sita ni ya mtu asiye na jambo. Mwenye jambo haingoji tarehe, anakwenda.

Kwa hiyo sikia. Leo mchana funga saluni, uingie upande wake, umwombe asimamishe cherehani. Usikae nyuma yake. Keti mbele, akuone uso. Mwambie, "Wiki kadhaa zilizopita nilipokuwa nakunyoa nilihisi kitu hapa. Niliogopa nikanyamaza. Nimekukosea. Sijakuchoka." Kisha funga mdomo. Najua utawashwa kuongeza kitu cha kuchekesha, jizuie. Itaje saratani kwa jina lake, mara hii moja msimwite mpangaji. Akilia, kaa. Akikutukana, kaa. Akinyamaza, hilo ndilo gumu kuliko yote, kaa vilevile. Huna mashine ya kuosha.

Kesho asubuhi muwe kliniki. Mwambieni nesi mlikigusa wapi, lini, na kama kimekua. Uingie naye chumbani, usibaki kwenye benchi ukiwachekesha wagonjwa. Muulizeni pia kama yupo mtu pale wa kuzungumza na wanandoa, hospitali nyingi zinaye, na watu hawamuulizii kwa sababu wanaona aibu.

Halafu, jibu likija zuri au baya, tafuteni siku ya kuambiana hofu. Nusu saa inatosha. Kila mmoja aseme anachoogopa wiki hiyo na mwenzake asimrekebishe, asimpe moyo wa bandia, amsikilize tu. Baada ya hapo taniani mpaka mchoke. Nawe utafute mwanamume mmoja unayemwamini umwambie kwamba Profesa anaogopa. Watu wote hao wanainamisha vichwa mbele yako na hakuna hata mmoja anayeujua uso wako.

Siwezi kukuahidi kwamba habari itakuwa njema, na mtu akikuahidi hivyo usimwamini. Ninachojua ni tarehe. Barua yako ilikaa njiani siku tano, na gazeti hili limechukua siku sita kufika mikononi mwako, kwa hiyo wiki zako nne sasa zinaelekea kuwa sita. Hukuandika namba ya simu. Ungeiandika, ningekupigia siku ileile, nisingengoja ukurasa huu uchapwe.

Weka gazeti chini. Yupo hapo upande wa pili, na kama saluni iko kimya sasa hivi, anajiuliza kwa nini.