Herufi Mbili za Ibara ya Tisa

Chumba cha Waandishi,
Ukumbi wa Mazungumzo ya Amani,
S.L.P. 208.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa mzima, kifua kimetulia, na ile baridi ya huko imepunguza ukali. Sisi huku tu wazima, ila Bibi analalamikia magoti na mimi nalalamikia wanadamu. Magoti yana dawa.

Uliniuliza amani imefika wapi. Imefika mezani, imekaa, na haitaki kuinuka. Wenye bunduki waliacha kupigana tangu mwaka jana. Waliobaki wakipigana ni wenye kalamu, na nakuapia, wale wa kwanza walikuwa na haya zaidi. Wiki ya kwanza iliteketea kwa kuwa ukumbi una mlango mmoja na kila upande ulitaka kutangulia kuingia. Hatimaye akaitwa fundi abomoe ukuta atie mlango wa pili. Sasa upepo unapita katikati na kupeperusha rasimu, na kuna kamati ya kujadili upepo.

Kiongozi wa ujumbe wetu ni jaji mstaafu tunayemwita Mzee Hoja. Husinzia, akashtuka, akasema, "Nina hoja!" Juzi aliletewa chai, akawa na hoja kuhusu sukari. Mimi ndiye mwandishi wa rasimu kwa upande wetu. Kwa upande wa pili yupo mwanasheria mmoja, mwanamama, jina lake la utani Bi Mkato, maana hakuna sentensi anayoiacha bila kuichoma alama ya mkato. Kwa kanuni tulizowekewa, neno tusilokubaliana sisi wawili haliendi kwa wakubwa.

Tukakwama kwenye ibara ya tisa. Inawahusu watu kama mwanao, ndugu yangu Msumari, walioingizwa katika kile kiwanda cha matofali wakati wa vita wasitoke tena. Bi Mkato aliandika "waliopotea". Mimi nikaandika "waliopotezwa". Huhitaji kuelezwa tofauti, wewe uliyenifundisha kauli za vitenzi kabla sijaota meno ya pili. Anayepotea ameikosa njia mwenyewe. Anayepotezwa ana mpotezaji. Mbuzi hupotea. Msumari alichukuliwa mlangoni, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Katika barua yako iliyopita uliniagiza nisiachie hata herufi moja. Sikuachia. Nilibisha wiki tatu. Nilileta kamusi nne, nikasoma sarufi kwa sauti mbele ya majenerali waliokuwa wakichora ndege pembeni mwa karatasi. Mzee Hoja akanivuta shati. "Kijana, vita vimekwisha kwa mizinga, wewe unataka kuvirudisha kwa viambishi?"

Alhamisi, Bi Mkato alinikamata ujiani.

"Bwana Sarufi, wakubwa zangu hawaitaki hiyo zw yako, hata ukileta kamusi ya malaika. Ikibaki, mtu atauliza nani kawapoteza. Na watakaoulizwa ndio hao wanaotia saini."

"Basi wameielewa sarufi vizuri," nikamjibu.

"Wameielewa mno. Sasa nisikilize. Nipe herufi mbili, nikupe shimo."

Maana yake ilikuwa hii: nikizifuta, ibara ya kumi itawalazimu waonyeshe mahali walipowazika watu wale, na kila familia iruhusiwe kumchukua wake. Nisipozifuta, hakuna ibara ya kumi, na kiwanda kinarudi kwa mwenyewe, ambaye amekwisha kuleta mitambo ya kusawazisha uwanja. Nilimwita mchuuzi. Akasema, "Niite utakavyo, mradi unijibu kabla hatujarudi ndani."

Nilishika simu ili nikupigie. Halafu nikajua utakavyojibu: utakataa, kwa Kiswahili fasaha, na utalia ukishakata simu. Nikairudisha mfukoni.

Nimezifuta, Baba Mdogo. Mimi, kwa kalamu yangu.

Usiniambie nimeuza, nimekwisha kujiambia, na kwa maneno makali kuliko yako. Lakini nibishie hili ukiweza: neno lililofutwa laweza kurudishwa na wajukuu zetu, siku ambayo hawa watia saini hawatakuwa tena na wa kuwalinda. Uwanja uliomwagiwa zege haufunuliwi kwa kamusi. Nawakasirikia wao, namkasirikia Mzee Hoja aliyepiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi, na nakukasirikia wewe kwa kunipa amri ukiwa mbali. Hasira hiyo sijui niiweke katika ibara gani.

Saini zilitiwa Ijumaa. Jana walituonyesha. Ni nyuma ya tanuri la pili, mahali ambapo majani yameota marefu kuliko kwingine. Watachimba mwisho wa mwezi. Madaktari wanataka damu ya mzazi ili wamtambue Msumari, maana ya Bibi peke yake haiwatoshi.

Kwa hiyo njoo. Ibara ya nne inakuruhusu kurudi bila kuulizwa ulikimbia kwa nini wala ulimsaidia nani. Hiyo niliiandika mimi na haina upenyo. Bi Mkato ameutafuta mpaka amechoka.

Na jambo moja zaidi. Mkataba nimeusoma wote, toka ibara ya kwanza hadi sahihi ya mwisho. Umetaja mipaka, bendera, magereza, hata samani za ukumbi. Kibao cha kaburi haukukitaja popote. Hakuna kamati juu yake wala mtu wa kutia mkato. Baba yake Msumari ni wewe. Utaandika kitenzi ukitakacho.

Bibi anakusalimu, anasema uje na nguo nzito maana amesahau kwamba huku ni joto. Shemeji yako, yaani mama yangu, anakuandalia chumba cha uani. Dada zangu wote wanakuamkia. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, na akupe nguvu za siku ile.

Mwanao akupendaye hata anapokukaidi,

Kitindamimba wa kaka yako.