Ufunguo wa Choo na Presha Yangu

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9, baada ya ibada

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Hujambo? Goti limeacha kukusumbua? Sisi Mungu ametushika, ila mimi wiki mbili zilizopita nusura nikuachie msiba.

Unajua kiwandani nashona kola. Tumeletewa msimamizi mpya, tunamwita Bwana Ufunguo, maana ufunguo wa choo kaufunga kwenye ubao mrefu na kuuweka mezani kwake. Ukitaka kwenda, unauomba mbele ya watu. Mwanamume mzima, ana ndevu, kazi yake kuhesabu mikojo ya wanawake!

Na kibofu changu hakina subira. Kikishtuka, kimeshtuka.

"Mama Bomba, tena?" hupaza sauti. "Hebu fungeni koki!" Kisha anacheka peke yake, mpumbavu yule.

Kwa aibu nikafanya ujinga. Niliacha kunywa maji kazini, kisha nikaacha na vidonge vya presha, nikiona ndivyo vinavyonikimbiza. Siku ya tisa macho yakaingia giza, nikaangukia cherehani. Zahanati wakanipima: mia na tisini na tano kwa mia na kumi na tano.

Muuguzi alinigombeza kama mtoto. Akasema presha na kibofu cha namna hii mara nyingi hukutwa kwa mtu mmoja, na vipo vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo, lakini dawa haiachwi kimyakimya, unasema. Nikasema. Daktari akanibadilishia vidonge, na kibofu nacho akakipa dawa yake.

Akaniandikia na barua, niruhusiwe choo bila maswali. Bwana Ufunguo akaisoma kwa sauti kiwanda kizima, kisha akaniambia, "Chagua, kibofu au cherehani."

Dada, nimejaribu kumwombea, Mungu anisamehe, midomo inagoma. Akili yake ukiipitisha kwenye tundu la kifungo haigusi pembeni.

Nikauchukua ule ubao, nikaenda, nikarudi, nikauweka kwenye mashine yangu. Hadi jioni wenzangu kumi na mmoja walikuwa wamekuja kuuchukua kwangu. Yeye kanuna tu, kama kiatu kilicholowa.

Sasa mwenye kiwanda ameniita tarehe 28. Huenda nikafukuzwa. Dawa siachi tena, hata Bwana Ufunguo anipigie magoti.

Nisalimie shemeji, watoto na shangazi. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Nikifukuzwa, naweza kuja kukaa kwako kwa muda? Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako akupendaye sana,
Kitinda