Sponsa Tuliyemzoea

Jumamosi, Rhotia. Ukungu umekaa mpaka saa nne, nami nimevaa koti ndani ya nyumba.

Kosa tunalofanya wengi huku Karatu ni kudhani kila sponsa ni mfadhili. Tusilaumiane. Kwetu sponsa ni mzungu aliyekuja kuona kreta, akampenda mtoto wa shule, akarudi kwao na kuanza kumlipia ada. Neno tulilipokea likiwa na maana hiyo, na hatukuwahi kulichunguza.

Mimi nimefundisha lugha miaka thelathini na kitu. Nami nimetumbukia katika shimo hilo hilo.

Nashipai nilimfundisha darasa la nne kule Nainokanoka. Mama yake ni mfugaji, hajui kusoma, kwa hiyo habari za mtoto hupitia kwangu. Mama mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu kama mimi, alimsomesha sekondari. Nashipai humwita Bibi. Sasa binti amemaliza shahada ya uzamili ya mambo ya malisho huko Ulaya, katika mji anaokaa Bibi huyo. Kibali chake cha kukaa huko kama mwanafunzi kimebakiza wiki tano. Aliniandikia kwamba kila anapoomba kazi wanamuuliza kama anahitaji sponsa. Akijibu ndiyo, kimya.

Nikafurahi. Kumbe shida yenyewe ni hiyo tu! Bila kumuuliza, nikamwandikia Bibi barua pepe ndefu ya heshima, nikimwomba awe sponsa wa binti kwa mara nyingine.

Maelezo sahihi niliyapata nikiwa nimeshachelewa. Sponsa wa kazi ni mwajiri. Ni kampuni au ofisi iliyoruhusiwa na serikali ya huko kuajiri mgeni, ikakubali kumshughulikia karatasi ili apewe viza. Huruma ya mtu, hata iwe kubwa kama mlima Oldeani, haifanyi kazi hiyo.

Juzi Nashipai akapiga simu. "Shikamoo Mwalimu," akasema. "Mwalimu, umeniombea nini kwa Bibi?"

Kila Jumapili alikuwa akienda kula kwake. Ndiyo nyumba pekee huko anayoingia bila kusubiri kualikwa. Sasa Bibi amemwambia, kwa upole, kwamba amezeeka na hawezi tena kubeba mzigo wa mtu. Binti aliona aibu hata kujieleza. Jumapili iliyopita hakwenda. Alikula mkate chumbani.

Mkate mkavu, kwa ajili ya barua yangu nzuri.

Jana mama yake alishuka mnadani, akapita kwangu. Nikamweleza habari ya mwajiri, polepole, mara mbili.

"Kwa hiyo huyo sponsa mpya hatoi kitu?"

"Anatoa kazi, Mama Nashipai."

"Na mtoto ataifanya?"

"Ataifanya."

"Sasa mtu akufanyie kazi, halafu abembeleze? Mwambie mtoto nina mtamba mzuri. Ampe huyo mwajiri, waitane pakiteng, yaishe."

Ndivyo Wamasai waliopeana ng'ombe wanavyoitana, na wakishaitana hivyo hawanyimani. Nilicheka. Naye akacheka, akakaza shuka lake, akauliza, "Na wakikataa wote?"

Nilimwongezea chai.

Nimeamka leo nikihesabu ninachoweza. Kazi siwezi kumpatia. Siku za kibali siwezi kuziongeza hata moja. Sijui hata mlango wa ofisi moja ya huko ukoje. Labda atarudi, labda atapata. Kwa vyovyote haitakuwa kwa mkono wangu. Kilicho mikononi mwangu ni kile nilichokiharibu mwenyewe.

Na kesho ni Jumapili.

Basi najiambia, mwandikie Bibi leo, Mwalimu, kabla ya jioni: binti hakuomba kitu, mwombaji ni mimi, kwa kutojua neno, tafadhali amwite mwenyewe aje kula.