Nililegeza Waya wa Intaneti, Kaka Yangu Analaumu Kampuni

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote na limenikwama kooni, nikimeza linachoma, nikitema halitoki.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani sare za shule na mapazia kwa sababu siwezi kutoka, naishi na baba yangu ambaye zamani alikuwa msoma mita za maji na aliijua mitaa yote ya mji huu kwa miguu, lakini sasa ana ugonjwa wa kusahau, nikigeuka kidogo tu ameshafungua mlango anakwenda kusoma mita. Mama alishatangulia. Tumezaliwa wawili, mimi na kaka yangu, ambaye baba humwita Nahodha tangu alipokuwa kepteni wa timu ya shule, na Nahodha yuko ng'ambo miaka mingi, anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vya kugandishwa. Yeye ndiye aliyetuwekea intaneti ya waya na televisheni kubwa yenye kamera sebuleni, ili kila Jumapili baada ya chakula cha mchana aonekane mzimamzima mbele ya baba, kwa sababu simu haimfai mzee, sauti bila uso inamtia hofu, na uso mdogo kwenye simu anadhani ni picha ya pasipoti, anauweka mfukoni.

Ungemwona baba siku hiyo ya Jumapili. Wiki nzima ninamwogesha, ninamlisha, ninambadilisha nguo, na yeye ananiita "wewe", lakini Nahodha akitokea pale kwenye kioo mzee anakaa wima, anajifunga vifungo vya shati mwenyewe, anacheka mpaka meno ya bandia yanacheza. Mimi nakaa nyuma ya cherehani yangu nasikiliza.

Sasa ikatokea wachimba barabara wakakata waya mkubwa wa kampuni ya intaneti, mtaa mzima ukakosa intaneti, na umeme nao ukawa unakwenda na kurudi. Walipomaliza kutengeneza, jirani wa ghorofa ya juu akapata, wa mlango wa mbele akapata, sisi tukabaki na modemu inayokonyeza taa moja siku nzima bila kutulia. Nikapiga huduma kwa wateja, wakaniambia chomoa kwenye umeme, subiri kidogo, chomeka tena, nikafanya hivyo, wapi. Ndipo wakamtuma fundi, dada mmoja mpole mwenye koti la kampuni lililomzidi mabega, akaufuata waya kutoka ukutani mpaka nyuma ya televisheni, akakuta kile kidude kinachogawa waya kimeungua kwa ndani, akakitoa, akauunganisha waya wa ukutani moja kwa moja na modemu, akaukaza kwa vidole, tukasubiri, taa zikawaka moja baada ya nyingine mpaka zote zikatulia.

"Siku nyingine mtandao ukirudi kwa majirani na kwenu usirudi," akaniambia, "usikimbilie kubonyeza kile kitundu cha nyuma ya modemu, utaifuta mipangilio yote iliyomo. Chomoa umeme kwanza, halafu kagua hapa waya unapoingia. Ukilegea kidogo tu, modemu itahangaika kutafuta mawimbi mpaka kesho."

Nikamshukuru, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nampangusa baba mdomo ili awe msafi mbele ya mwanawe, akausukuma mkono wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, hata hakukasirika, "Huyu mfanyakazi aondoke hapa, mwanangu anakuja kuongea na mimi." Mfanyakazi. Mshauri, sikulia. Nilipiga magoti nyuma ya televisheni kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, nikaushika ule waya nikaulegeza, nikasimama nikaendelea kutoa vyombo mezani.

Nilidhani ni kwa siku ile tu. Kaka akapiga simu, "Vipi, mbona siwaoni?" Nikamwambia modemu imekufa tena. "Si fundi alikuja?" Nikasema alikuja lakini haikupona, na neno likatoka laini kama nimelifanyia mazoezi. Akasema basi atawapigia kampuni mwenyewe, nikamwambia usijisumbue, nawafuatilia mimi. Ikaja Jumapili nyingine, na nyingine, na kila mara nina uongo mpya, mara vifaa vimeisha, mara foleni ya wateja ni ndefu, mara walikuja hawakunikuta, mimi ambaye sitoki hata kununua uzi.

Na ubaya wenyewe ni kwamba nilifurahi. Siku za mwanzo baba aliuliza Nahodha yuko wapi, nikamwambia yuko kazini, halafu akaacha kuuliza, akaanza kunitazama mimi. Asubuhi moja namkata kucha akaniita Kibiriti, jina alilonipa utotoni kwa sababu nilikuwa nawaka haraka, na hakuwa amelitamka tangu mama afariki. Tuliongea mpaka jua likazama, akanisimulia mbwa wote waliowahi kumfukuza kazini, nyumba kwa nyumba, na mbwa gani alikuwa mnafiki anatikisa mkia kwanza. Nikasema moyoni, kumbe na mimi nina baba.

Halafu kifua kikambana, homa ikapanda, akalazwa. Aliporudi nyumbani hakuwa yule tena, anatazama ukuta tu, kijiko mpaka kimguse mdomo ndipo afungue. Nikaingiwa na hofu, nikaenda nyuma ya televisheni nikaukaza waya, taa zikatulia. Kaka akatokea, amenyoa ndevu, amevaa shati jipya, akaita, "Mzee! Nahodha wako huyu hapa!" Baba akamtazama kwa muda mrefu, akanigeukia mimi akauliza, "Huyu bwana anataka nini?" Kaka akacheka, alidhani ni utani, akarudia kujitaja. Baba akafumba macho. Nikamwona kaka yangu, mtu mzima na mvi zake, anaifunika kamera kwa kiganja ili nisione uso wake.

Sasa hasira zake zote kazielekeza kwa kampuni. Amewalalamikia kwamba fundi wao aliripoti kazi imekwisha kumbe aliacha modemu mbovu, na kwamba walimnyima siku za mwisho ambazo baba yake alikuwa bado anamjua. Juzi msimamizi wao akanipigia, akaniambia yule dada amesimamishwa kazi na wanataka neno langu mimi niliyekuwepo. "Aliondoka ikiwa inafanya kazi, au haifanyi?" Nikamwambia baba ananiita, nitakupigia. Baba hakuwa ananiita. Haniiti tena.

Nikisema kweli nampoteza kaka yangu, na baada ya baba sina mwingine. Nikinyamaza, mtu aliyenitendea mema anakosa kazi. Silali, sili, juzi nimeshona mkono wa shati kwenye shingo. Nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Cherehani,

Wasomaji wajue kwamba mimi na wewe tumeshaongea. Barua yako ilipofika nilikupigia siku hiyohiyo kwa namba uliyoiacha, kwa sababu yule dada hawezi kukaa nyumbani bila kazi akingojea gazeti lichapwe. Niliyokwambia nayarudia hapa, maana najua wapo wengine wenye waya zao walizozilegeza.

Pole, mwanangu. Kumpangusa mtu mdomo halafu akakuita mfanyakazi mbele ya macho yako, hilo lingemvunja yeyote. Lakini usinichanganyie mambo. Uchovu wako ni jambo moja, ulichofanya nyuma ya televisheni ni jambo jingine, na la kwanza halilisafishi la pili. Hukumnyang'anya baba yako kumbukumbu. Ugonjwa ule ungemfikisha hapo hata kama intaneti isingekatika, na daktari wake atakwambia hivyohivyo, muulize. Ila zile Jumapili zilikuwa za kaka yako na wewe ulizichukua. Usilitafutie jina laini.

Uliniuliza ufanyeje, kana kwamba kuna la kupima. Hapakuwa na la kupima. Yule dada alikaza waya, wewe ukaulegeza, na yeye ndiye aliyekuwa analipa. Nilikwambia mpigie msimamizi kabla hujaweka sufuria jikoni, umweleze bila kilio na bila hadithi ndefu: fundi aliiacha inafanya kazi, niliyeiharibu ni mimi. Umefanya. Ukanipigia kuniambia yule dada amerudishwa kazini, na kwamba ulipomwomba radhi kwa simu alikujibu kwa kifupi, "Nimesikia," akakata simu. Usimtafute tena. Hana deni la kukufariji.

Kisha kaka yako. Nilikwambia umweleze kwa mdomo, usimtumie ujumbe, na usianze na habari ya kuogesha na kulisha, hizo atazisikia kama kinga. Ulimwambia. Alisema "Sawa", akakata, na mpaka leo ninapoandika hajapiga. Uliniuliza, huku unalia, iwapo ulikosea kusema. Hukukosea. Ulichelewa, na kuchelewa kuna gharama zake. Unataka nikwambie atarudi? Sijui. Mtu aliyeibiwa siku kama zile hapangiwi lini hasira iishe.

Sasa sikiliza, Kibiriti. Kumweleza kaka yako uchovu wako kuna siku yake, na itafika. Lakini siku hiyo isiwe wewe wa kuichagua, mwache kaka yako aulize. Kwa sasa mwombe yule jirani wa ghorofa ya juu akae na mzee asubuhi mbili tatu kwa wiki, wewe utoke, ununue uzi wako mwenyewe, uongee na watu wenye akili zao timamu. Hilo ni agizo, si ombi. Ukifungwa ndani peke yako na mgonjwa mpaka akili ikuruke, kesho utalegeza kitu kibaya zaidi ya waya.

Na Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mvalishe baba yako shati safi, umkalishe mbele ya televisheni, upige. Kaka yako asipopokea, acha iite mpaka ikatike yenyewe, na Jumapili ijayo piga tena. Siku akipokea, usimuulize mzee kama anakumbuka huyu ni nani, mtaje tu, "Baba, huyu ni Nahodha, mwanao," halafu uondoke mbele ya kamera uwaachie wawili hao chumba. Na kama katika muda wote huo hakuna hata mmoja atakayekusemesha, vumilia.