Kabla ya Kumwita Mtoto Mwingine

Segese, Jumapili baada ya ibada

Dada Subilaga,

Shikamoo dada yangu. Nakusalimu kwa mapenzi mengi kutoka huku kwenye vumbi. Wewe hujambo? Shemeji, ule mguu umeshapona au bado anachechemea na kukataa kwamba anachechemea? Na mama, anakula vizuri? Nimesikia Rungwe mvua imewanyeshea mpaka mmechoka. Huku tunaitafuta hatuioni. Sisi tuko wazima. Masanja anakupa shikamoo. Nyamizi ameota meno ya mbele na anasoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, hata vile ambavyo mtoto wa miaka saba hapaswi kuvisoma.

Utajiuliza kwa nini nimekaa kuandika wakati simu ipo. Dada, simu yako lazima uiweke spika kwa sababu ya sikio lako, na ukishaweka spika nyumba nzima inasikiliza, pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya ni yako peke yako. Yule mwalimu wa kwetu anayefundisha hapa anakuja likizo, nimemwambia akukabidhi mkononi.

Kwanza naomba unisamehe. Mwaka juzi nilipokuambia mimba imeharibika na nimepata nafuu, sikukuambia yote.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Miguu ilivimba nikasema ni joto. Kichwa kiliniuma siku mbili nikasema ni jua la mwaloni, pale tunapoosha mchanga wa dhahabu. Asubuhi ya siku ya tatu nilikuwa nakoroga uji, macho yakaingia kiza. Kuanzia hapo nasimuliwa tu. Nilianguka nikakakamaa mwili mzima, Masanja akanibeba mpaka kwenye gari la jirani akidhani amebeba maiti. Nilizinduka hospitali kesho yake, tumbo limeshonwa. Walikuwa wameniokoa mimi. Mtoto, wa kiume, hawakumpata. Kifafa cha mimba, ndivyo walivyokiita. Alizikwa kabla sijafumbua macho.

Sikukuambia kwa sababu mama alikuwa ametoka kulazwa siku zile. Nilijua ukisikia utapanda basi siku hiyo hiyo, na yeye ungemwacha na nani?

Tangu pale nikawa mtu wa mambo mawili. Namtaka mtoto, na namwogopa. Nikikutana na mama mjamzito naangalia miguu yake kwanza kabla ya uso. Kila mwezi nikiziona siku zangu nafurahi, halafu nakwenda kulia bafuni. Masanja hakuniuliza kitu, lakini mimi nikawa namjibu kichwani kila siku. Mwisho nikanunua chupa ya dawa ya mizizi kwa mama mmoja gulioni, aliyesema inasafisha kizazi na kukifungua. Nikaificha kwenye ndoo ya unga, nikisubiri nipate moyo wa kuinywa.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka kijijini kwao, na kuku wawili na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikajua amekuja kuulizia mjukuu. Siku ya pili alikwenda kuchota unga asonge ugali, akatoka na ile chupa.

"Mama Nyamizi, hii ni nini?"

Nikamwambia. Sikuwa na uongo wa karibu. Alikaa kwenye kigoda akaigeuzageuza ile chupa, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mimi nilizaa tisa. Unaona watano. Wale wanne hakuna aliyeniambia walikuwa na nini. Nilikuwa nazaa nikiogopa, nabeba tena nikiogopa. Sikujua pa kwenda kuuliza. Wewe hospitali unaijua mpaka mlango. Unaogopa kuuliza nini?"

Nikasema, "Naogopa waniambie basi."

"Wakikuambia basi, utakuwa hai umesikia." Akaninyooshea chupa. "Niimwage, au unaimwaga mwenyewe?"

Niliimwaga mwenyewe. Jumatatu alijifunga kitenge chake cha kanisani tukaenda wote wawili. Mimi niliyekuwa namwogopa mama yule, nilishika mkono wake kwenye benchi la kusubiria kama mtoto mdogo.

Nesi aliyenipima alikuwa mtu mzima, hana haraka. Presha ilikuwa bado juu. Akaniuliza maswali mengi, na mwisho akaniuliza kazi.

"Naosha dhahabu mwaloni."

"Kwa zebaki?"

"Ndiyo."

"Kwa mikono mitupu?"

Niliiangalia mikono yangu kama vile si yangu. Akaendelea, "Na kuichoma ibaki dhahabu, mnachomea wapi?"

"Nyumbani. Uani, karibu na jiko."

Aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ule moshi tunaouona mwepesi unaingia mwilini na kukaa, unaumiza figo, na mama akiwa mjamzito unamfikia mtoto tumboni mpaka kwenye ubongo. Na Nyamizi anayecheza pale uani naye anauvuta. Nikamuuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Kwa hiyo ni mimi niliyemuua?"

"Hapana," akasema. "Kifafa cha mimba kinawapata hata wasiowahi kuiona zebaki. Sijui kilichokisababisha kwako, na hapa hatuna kipimo cha kuiona kwenye damu. Ninachojua ni kwamba mwili wako bado haujatulia, na hii sumu haikusaidii. Anza hapo. Na mlete mumeo, maana na yeye inamwingia. Hili si la mwanamke peke yake."

Dada, sijui kama nilishawahi kumshukuru mtu kwa kuniambia "sijui". Nilitoka pale mzigo umepungua nusu.

Masanja hakufurahi. Alisema hapa kila mtu anachoma na watoto wanazaliwa kila siku. Alisema mimi nikiacha mwalo tutaishi kwa nini. Nilikuwa nimeanza kunyamaza, kama unavyonijua, mama yake akasema kutoka jikoni, "Masanja, mkeo ulimbeba ukidhani maiti. Unataka kumbeba tena?"

Alitoka nje. Siku ya tatu alichukua kikaango tulichokuwa tunachomea, na kile kijiko cha chuma, akavipeleka kwenye kikundi chao cha wachimbaji, kule mbali na nyumba za watu ambako wana chombo cha kuchomea kinachofunikwa. Akarudi akakwangua udongo wa pale uani akaufukia mbali na kisima. Kisha akavaa shati lake la harusi za watu, akaniambia, "Twende kwa huyo nesi wako."

Mama mkwe alipoona tunaondoka pamoja alisema "Wabeja," kwa Kisukuma, asante, sijui kama alikuwa ananiambia mimi, mwanawe au Mungu.

Niliacha mwalo. Sasa nakaanga maandazi na kupika chai karibu na kijiwe cha bodaboda. Haikuwa rahisi, tulibana kila kitu. Daktari alinianzishia dawa ya presha, akanipa ile isiyo na madhara kwa mwanamke anayetaka kubeba mimba, akasema tusiwe na haraka: kovu la upasuaji likomae, mwili upate muda wa kuitoa ile sumu. Tulitumia uzazi wa mpango karibu mwaka mzima, Masanja akinikumbusha tarehe kuliko ninavyozikumbuka mimi.

Wiki iliyopita tulirudi. Presha imekaa vizuri kwa miezi kadhaa, mkojo msafi, figo hazina tatizo. Nimepewa vidonge vya foliki, vya kumkinga mtoto tangu mwanzo, nianze kumeza. Daktari alisema, "Mnaweza kujaribu. Siwezi kuwaahidi kwamba haitajirudia, lakini ukikosa siku zako tu, njoo, usisubiri tumbo lionekane. Kuna dawa tutakuanzishia mapema, na kujifungua utajifungulia hospitali kubwa."

Njiani Masanja alisimamisha pikipiki kabla hatujafika Segese, mahali pasipo na watu. Hakugeuka. Akasema, "Usikubali kwa ajili yangu. Siku ile nilikaa nje ya ule mlango wa chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Sikumwomba Mungu mtoto. Nilimwomba wewe, na nikapewa. Kama unaogopa, tunaye Nyamizi, tumetosha."

Nililia ndani ya helmeti mpaka kioo kikaingia ukungu. Nikamwambia naogopa. Halafu nikamwambia namtaka. Yote mawili ni kweli, dada, ila sasa naweza kuyasema kwa sauti, na kuna watu wananisikia. Kwa hilo peke yake nashukuru sana.

Mimba haipo bado, usianze kushona nguo. Ila ikija, nitakuomba uje ukae nami miezi ile ya mwisho, tupange mapema nani atabaki na mama. Yeye mwambie tu nina afya, nawe hutakuwa umedanganya.

Nisalimie shemeji. Nisalimie mjomba wa kwenye mashamba ya chai, na wifi yetu aliyejifungua pacha, mwambie nimewaona kwenye picha wanafanana na baba yetu marehemu kwa masikio. Wasalimie wanao wote, mmoja mmoja, usiwaunganishe.

Na kuna jambo moja Masanja aliniambia siku ile ile pale barabarani. Yule mtoto hakuzikwa bila jina. Mchungaji alipomuuliza amtaje nani, naye hakuwa na mtu wa kushauriana naye, alisema "Asajile", jina la baba yetu, kwa sababu alijua ningependa. Kwa hiyo ukipita kaburini kwa baba, dada, mwambie ana mjukuu anayeitwa kwa jina lake huku Usukumani.

Ni mimi mdogo wako, niliye mzima,

Bupe, Mama Nyamizi