Kibaraza cha Pamoja

Jumanne, Voi

Kibaraza kimebaki, angalau hicho. Mwenye ploti alitaka nikifute kwenye ramani ya fleti zake ili kila ghorofa iongezwe chumba. Nikamwambia joto la Voi linataka kivuli na upepo unaopita, na watu wasipokuwa na pa kukaa pamoja, siku maji yakikatika hakuna atakayemgawia mwenzake hata ndoo moja. Akacheka. "Sawa, madam. Wewe ndio unajua mambo ya majirani."

Neno hilo nimerudi nalo nyumbani.

Jioni stima ikapotea, feni ikazima, chumba kikawa moto hakikaliki. Nikatoa stuli mbili nikaziweka kwenye korido, nikaenda mlango unaopakana na wangu, ule ninaoupita kila siku tangu nihame kutoka Wundanyi. Kule kwetu mtu hapiti mlango wa mtu bila salamu. Hapa nimejifunza haraka kupita.

Nikapiga hodi.

"Nani?" Sauti ya mama, ya upole tu.

"Ni mimi, jirani."

Mlango haukufunguka.

"Jirani gani?"

Nikamwambia samahani, nimekosea mlango.