Kikombe cha Ami Salim

Maskati, Alhamisi, 1967

Leo baada ya alasiri masheikh wamemsomea khitma Ami Salim, naye yu hai, kwake Sidab, anakohoa.

Ndiyo kanuni ya halaka yao, duara lao la elimu, tangu karne zilizopita: mwenzao akikosa vikao vitatu mfululizo, huhesabiwa maiti. Hukifudikiza kikombe chake cha kahawa, humsomea, kisha humchagua mwingine. Nilikwenda kumtolea udhuru.

"Ami yangu mgonjwa tu, sheikh. Jana kala uji."

"Mungu amrehemu," akajibu mkubwa wao kwa upole. "Nawe akupe subira, mwanangu."

Wakanipa mkono wa pole, mmoja mmoja.

Katika kazi yangu ya gazeti nimeripoti vifo vingi. Sijapata kupewa pole ya mtu aliye hai. Nikenda Sidab nikidhani tutacheka.

Ami hakucheka. "Wamekifudikiza?"

"Wamekifudikiza."

Akasukuma bakuli la uji. "Hemed, mwenzetu wa halaka, tulimfanyia hivi hivi. Alikuwa mlangoni anapiga hodi, sote twamsikia, tukaendelea kumsomea."

Kisha akalala, akageukia kibla.

Nnaandika kando yake. Homa imeshuka, anapumua vizuri. Mkewe anamwita tangu magharibi. Macho yamefumbuka, na haitiki.